Kulwa Alikuwa na Umri Uleule

Mwenzangu, sogea karibu. Haya siyasemi kwa kila mtu. Nakuambia wewe ambaye nikilia hutaniambia nyamaza, na nikikasirika hutaniambia mwachie Mungu. Mungu nimemwachia mengi. Nasali asubuhi na jioni, Kwaresima nafunga yote, na rozari yangu imeshabadilishwa uzi sijui mara ngapi. Lakini hili la Kulwa halikufanywa na Mungu, kwa hiyo sioni kwa nini nimbebeshe yeye. Lilifanywa na mtu, mchana kweupe, mtu aliyesoma, na mimi nilikuwepo nimelala chali naangalia.

Mama mkwe wangu tumemzika mwaka huu, huko kwao Shinyanga vijijini, mvua zilipokuwa zinakatika. Msiba ukiwa bado haujaanuliwa, nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua sufuria la ugali kwa mchanga, na upande wa pili wa turubai wanawake wawili walikuwa wanamenya viazi. Hawakujua kama nipo. Mmoja akasema, huyu marehemu ndiye yule bibi wa hadithi ya daktari, aliyemuua mjukuu wake kwa ulimi. Mwenzake akaguna, akasema kumbe ndiyo maana kafa kidogo kidogo vile, hata ardhi ilikuwa inasita kumpokea. Kisha wakahamia kwenye bei ya mafuta ya kupikia. Nilitaka nizunguke lile turubai niwaoneshe masizi ya mikono yangu kwenye nyuso zao. Nikakumbuka niko msibani, na mimi ndiye mkamwana mkubwa. Nikarudi kwenye sufuria langu, nikalisugua mpaka likang'aa kama limetoka dukani.

Maneno yale hawakuyatunga wao. Waliyaokota mwaka jana kwenye semina ya akina mama, katika ukumbi wa kanisa mjini Shinyanga. Alialikwa daktari mmoja mstaafu atufundishe mambo ya uzazi. Jina lake nalihifadhi, si kwa kumwogopa, ni kwa sababu wako wengi na yeye ni mmoja tu. Anaongea vizuri, anachekesha, ana mvi zilizochanwa. Mimi na mama mkwe tulikaa safu ya tatu, kwa sababu yeye masikio yalishakuwa mazito na alitaka kuona midomo. Nilimtambua daktari kabla hajafungua mdomo. Mtu aliyewahi kusimama kati ya magoti yako huwezi kumsahau, hata akiota mvi.

Akasema, "Akina mama, msidanganye umri wa mimba. Nilikuwa huko kwenye machimbo ya dhahabu, akaletwa mzazi na mkwe wake. Bibi akaniapia mimba ni ya miezi mitano. Mtoto akatoka, sisi tukamwacha aende, maana wa miezi mitano haponi. Kumbe ilikuwa inaelekea saba. Sasa niambieni, nani alimuua yule mtoto?" Akatuzungushia macho, kama mwalimu. "Bibi yake. Kwa ulimi." Na alivyomwigiza huyo bibi, kwa lafudhi nzito ya Kisukuma, mgongo umepinda, ukumbi ukacheka. Ukacheka, mwenzangu. Halafu ukasema "aaah" ya huzuni, na wengine wakaandika. Mama mkwe wangu aliivuta kanga ya mabegani, akajifunika kichwa na uso. Masikio mazito, lakini hilo alilisikia lote.

Hiyo ndiyo hadithi aliyoisimulia yeye, na ina nusu tu. Sasa nikupe nzima, mimi niliyekuwa kitandani.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na kitu, naishi na mume wangu Nyarugusu, yale machimbo ya dhahabu ya Geita. Yeye alikuwa anashuka kwenye duara, lile shimo la wachimbaji, na mimi napikia wachimbaji. Chumba chetu kilikuwa cha mabanzi na turubai la bluu, kwa hiyo mchana kila kitu ndani kilikuwa cha bluu, hata ugali, hata mikono yetu. Karasha za kusaga mawe zilikuwa jirani, zinanguruma tangu asubuhi, na sahani zilitetemeka kwenye kichanja kama zina homa. Vumbi lilikuwa kwenye chumvi. Ukikaa muda mrefu unazoea, ukienda mahali pakimya unajiona kama umepata uziwi.

Mama mkwe alikuja aliposikia nina mimba. Alishuka na gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na kuku mmoja hai aliyemfunga miguu kwa gamba la mgomba. Tukampa upande wa pili wa chumba, tukatenga kwa kanga. Kila asubuhi alichemsha michembe na karanga za kutwanga, akanilisha mimi kwanza, yeye akafuta sufuria kwa kidole. Hakuwa mkristo. Alikuwa na mambo yake ya kizamani na hakuyaficha, na mimi nikisali rozari alikaa kimya mpaka nimalize, ndipo aanze kupiga chafya zake. Tulipendana. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia mkwe wanadhani vita.

Lakini alikuwa na sharti moja. Tumbo halihesabiwi mbele za watu. Kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole, watapungua, na tumbo hivyohivyo. Ukitaja miezi yote umemwonesha mwenye jicho baya njia ya kupita. Kwa hiyo akiulizwa alipunguza. Wachimbaji walikuwa wanamchokoza wakila. Mmoja, mnene, alipenda kumwita mayu, yaani mama, na kumuuliza, "Mayu, huu mzigo unashuka lini? Naona gari limeshapasuka springi." Naye anamjibu bila kumtazama, "Mzigo gani? Huyu mtoto ameshiba ugali tu. Wewe la kwako la miezi mingapi?" Wanacheka mpaka maharage yanawapalia. Na wote walijua. Vijana wa duarani, hata darasa la saba wengine hawakumaliza, walijua kuwa mama wa Kisukuma akikutajia miezi ya mkamwana wake, wewe ongeza. Nataka ulishike hilo, maana daktari naye ni mtoto wa hukuhuku. Mama yake naye alimficha tumboni namna hiyohiyo.

Mimi lakini nilikuwa najua. Siku zangu za mwisho nilizipata Jumapili ya Matawi. Nilikuwa kwenye maandamano ya kuingia kanisani, nimeshika tawi, nikajisikia, ikabidi nitoke pembeni nimwombe dada mmoja kitambaa. Siku kama hiyo haisahauliki.

Mvua za kwanza za Oktoba zilikuwa zimeshaanza kudondoka. Nilikuwa nasonga ugali wa mchana, maji yakanitoka, yakaingia kwenye kandambili. Mume wangu alikuwa chini ya ardhi, hata kumwita ungemwitaje. Pikapu ya kubebea mawe ikamwaga mawe yake, ikatubeba sisi, mimi nimelalia gunia la michembe ambalo mama mkwe alikataa kuliacha. Tukapelekwa hospitali. Ipi, hilo nalo nalihifadhi.

Chumba cha kujifungulia kilikuwa na vitanda viwili na pazia la kijani lililokatika ndoano. Dirisha lilitazama uani, pale ndugu wa wagonjwa wanapopikia, na nilipopandishwa kitandani kuna mtu nje alikuwa ndiyo kwanza anatia vitunguu kwenye mafuta. Ile harufu ilijaa chumba kizima. Ukutani, karibu na mlango, ulining'inia mpira wa kupumulia: kifuko cha mpira chenye kikombe kidogo mbele, unakiweka mtoto mdomoni na puani, unaminya kwa mkono, pumzi inaingia. Siku ile sikujua ni kitu gani. Niliuona tu, nikadhani ni wa kupampu kitu.

Daktari aliingia na daktari mwanafunzi. Hakuniuliza mimi. Aliniruka kwa macho, akamuuliza mama mkwe, "Mimba ya miezi mingapi?" Na mama mkwe, mbele ya watu wageni, mbele ya nesi, mbele ya mzazi mwingine upande wa pili wa pazia, akajibu kama alivyofundishwa na mama yake. "Mitano, baba. Haijatimia hata." Mimi nilikuwa nimeng'ata kanga, uchungu umenikamata. Daktari hakupima tumbo, hakuweka hata kiganja. Akaongea Kiingereza na mwanafunzi wake, kirefu, juu ya miguu yangu, kama watu wanaozungumzia shamba wakiwa wamesimama ndani yake. Kiswahili kilirudi alipotaka kazi ifanyike. Akamwambia nesi, "Hii inaharibika. Ikitoka usihangaike nayo."

Akatoka Kulwa. Mdogo, mwekundu, ngozi inang'aa kama ya ndani ya kitunguu, unaona mishipa. Na alilia. Nisikilize vizuri hapo: alilia. Si kilio cha mtoto mkubwa, ni kama kifaranga kilichotengwa na mama yake, lakini kilikuwa kilio na chumba kizima kilikisikia. Nesi akakata kitovu, akamweka kwenye trei ya chuma juu ya meza ya dirishani, akamfunika kipande cha pamba. Nilisikia mwili wake ukigusa chuma. Nikasema, analia. Daktari akaniambia, "Hizo ni pumzi za kuagia tu, mama. Usitazame huko. Wewe bado kijana, utazaa." Na nesi, kwa sauti ya huruma kabisa, akaongeza kuwa ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi ya Mungu, na mpira unaning'inia ukutani.

Mama mkwe alikuwa amechuchumaa pembeni. Akainuka, akaenda kwenye ile meza, akamchukua mtoto. Nesi akamwambia, bibi, rudisha. Mama mkwe alifungua vifungo vya blauzi yake, akamweka Kulwa katikati ya maziwa yake yaliyolala, akajifunga kanga juu yake, akakaa sakafuni ameegemea ukuta. Hakuna aliyemfundisha. Baadaye nimesikia kwenye redio wataalamu wakieleza kuwa mtoto njiti apewe joto la kifua, na kila nikisikia namwona yeye pale kwenye sementi.

Ndipo daktari alipoweka mkono juu ya tumbo langu, mara ya kwanza, akitaka kusukuma kondo. Mkono ukasimama. Akasema, "Kuna mwingine."

Mama mkwe akasikia. Akasema kutoka pale chini, "Baba, nilikuficha. Si mitano. Kwetu tumbo halihesabiwi mbele ya watu. Ongeza." Nami pumzi ilikuwa imenirudia kidogo, nikasema, "Daktari, siku zangu za mwisho ni Jumapili ya Matawi." Nilimwona akihesabu. Aliinua mkono wa kushoto, akahesabu kwa kidole gumba, midomo inacheza: Aprili, Mei, Juni. Alipofika mwisho akautazama ule mkono wake kama si wake. Miezi sita ilikuwa imeisha, wa saba umeanza. Akageuka kwa nesi. "Lete mpira. Lete taulo. Washa oksijeni."

Na watu wakakimbia. Chumba kilekile, watu walewale waliokuwa wamesimama mikono mfukoni. Doto alitoka wa bluu, amelegea, hakulia hata kidogo. Aliyelia aliwekwa kwenye chuma, na asiyelia alisuguliwa kwa taulo, akawekewa mpira, daktari mwenyewe akaminya, akaminya, jasho linamtoka puani, mpaka Doto akakohoa na kifua kikaanza kupanda chenyewe. Sikatai, alijua kazi yake. Ndiyo inayoniuma. Alijua.

Mashine ya oksijeni ilikuwa moja, hilo nalikubali pia. Wakampa Doto. Lakini ule mpira ulikuwa umeshamaliza kazi, umelala mezani. Mama mkwe akafungua kanga, akamwinua Kulwa kwa mikono miwili kumwelekea daktari, bado anafungua na kufunga mdomo, na akasema, "Na huyu, baba? Wametoka tumbo moja." Daktari alitazama. Alitazama, mwenzangu, si kwamba hakuona. Akasema, "Huyo tumwache, bibi. Ameshachelewa. Tusimtese." Akaenda kwenye sinki kunawa. Bomba lilikuwa linatoa maji kwa kukoroma, na alinawa muda mrefu.

Mpaka leo hiyo ndiyo hasira yangu. Alipomwacha Kulwa mara ya kwanza, haya, alidanganywa, ingawa macho na masikio anayo. Lakini alipohesabu kwenye vidole vyake, watoto walikuwa wameshakuwa sawa. Huwezi kuwa na Doto wa miezi saba na Kulwa wa miezi mitano. Umri ulibadilika kwa wote wawili, dakika ileile. Angerudi kwa Kulwa angekuwa amekiri mbele ya nesi na mwanafunzi wake kwamba mara ya kwanza alikosea. Akaona bora mtoto afe kuliko yeye akosee.

Nilipoona hivyo nikamwambia mama mkwe ambatize. Padri hakuwepo, mimi nimefungwa miguu kwenye vyuma, na kanisa linaruhusu mtu yeyote wakati wa hatari. Akaniuliza, hata mimi? Nikamwambia hata wewe. Kulikuwa na chupa ya maji aliyotoka nayo Nyarugusu. Akamimina kidogo kwenye kiganja, nami nikamtajia maneno, akayafuata moja moja kwa lafudhi yake ileile ambayo daktari alikuja kuwachekeshea watu. "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Jina lilishakuwepo, kwetu pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, huhitaji kufikiri. Kulwa aliishi tangu vile vitunguu vilipokuwa bado vinakaangwa mpaka watu wa uani walipoanza kula. Nilisikia sahani zao.

Nesi alitaka kumchukua, akisema mimba zilizoharibika zina shimo lake. Mama mkwe akamwambia, "Mimba haibatizwi." Akafunga vifungo vya blauzi na Kulwa yumo ndani, akatoka mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumshika. Mume wangu alimkuta getini, yeye ana tope mpaka kwenye nyusi, hajui lolote. Wanawake wa kule machimboni ndio waliomzika, kimyakimya, kama anavyozikwa kichanga. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimelala na Doto kifuani.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule niliimaliza wodini. Tulikuwa akina mama kadhaa, kila mmoja amefungiwa wake kifuani kwa kanga, tunatembea polepole kama watu waliobeba mayai. Kitanda wawili wawili. Chakula kilikuwa uji, na jioni ugali na dagaa, na mama mkwe alipokuja aliniletea michembe na karanga, akala nami kitanda kimoja, halafu akamchukua Doto kifuani mwake ili mimi nikaoge. Kulikuwa na mama mmoja wa Chato, mke wa mvuvi, mdomo wake hauna breki. Siku ya kwanza kumwona Doto alifunua kanga, akamtazama sana, akasema, "Dada, kwetu samaki wa saizi hii tunamrudisha ziwani akakue kwanza." Wodi nzima ikacheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu siku ile, nikashika tumbo linaniuma. Wa kwake hakutoboa mwezi. Aliondoka amekunja kanga tupu kwapani, akaniachia beseni lake, akaniambia mwogeshee humo huyo samaki.

Dirisha la wodi lilikuwa juu ya benchi ambako madaktari walikaa mchana kula. Walijua tupo, lakini sisi tulikuwa kama kuta. Siku moja nilimsikia yeye, kijiko kinagonga sahani ya wali, akimwambia mwanafunzi kwamba wa chini ya kilo moja yeye huwa hahangaiki nao. Wanakufa tu, akasema, umeme ukikatika ndiyo basi, na wakipona wengine hawaoni, wengine hawatembei, nani atawalea huko machimboni? Mwanafunzi akauliza, na yule Doto? Akajibu kwa kucheka kuwa yule alibahatika. Na asubuhi yake akizunguka wodini alisimama kitandani kwangu, akawaambia wageni aliokuja nao, huyu ni mwanangu, huyu nilimminya mwenyewe. Wakanitazama, wanangoja. Ningefanyaje? Nilimshukuru. Nikasema wabeja, baba. Neno likanikwama kama mwiba wa sato, na naona bado liko.

Doto alipona. Jicho lake la kushoto halioni vizuri, basi. Ni fundi cherehani hapo Geita mjini, anashona sare za shule, na akitunga uzi anainamisha kichwa upande kama kuku anayesikiliza. Nani atawalea, alisema. Siku hizi yeye ndiye ananilea. Mimi baada ya mwaka ule nilijiunga na masomo ya jioni, tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Watu walidhani nataka kazi. Nilitaka siku nyingine mtu akiongea Kiingereza juu ya miguu yangu, nimjibu.

Basi turudi pale ukumbini. Semina ilipokwisha watu walijipanga kumsalimu daktari. Nikamshika mama mkwe mkono, tukajipanga. Doto alikuwa ametusindikiza, alikuwa mlangoni. Tulipofika nikamwamkia, nikamwambia, "Daktari, mimi ndiye mama wa hiyo hadithi yako."

Akashtuka kidogo, akatabasamu. Akasema pole sana mama, lakini ni mafundisho tu, jina sikutaja.

"Jina hukutaja," nikamwambia, "na mtoto wa pili hukumtaja." Akakunja uso, mtoto wa pili yupi? Nikamwita binti yangu. "Doto, njoo umwamkie daktari."

Akaja, akapiga goti kidogo kama nilivyomlea. "Shikamoo, daktari." Hakuitikia. Ni mtu wa hukuhuku, nimekuambia. Anajua hakuna Doto anayezaliwa peke yake. Nilimwona akimtazama lile jicho la kushoto, na mkono wake wa kushoto, uleule, kidole gumba kikaanza kucheza juu ya vidole vingine. Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulipokwisha kuhesabu, kwa nini hukurudi kwa Kulwa?"

Akasema, polepole, "Mama, nilikuwa na mikono miwili tu."

Mama mkwe alikuwa anatazama midomo yake. Akaifunua kanga usoni. Akanyoosha mikono yake mbele ya daktari, imekakamaa, vidole vimepinda kwa jembe. "Nami nilikuwa nayo miwili," akasema.

Daktari akasema gari linamngoja. Waliokuwa karibu yetu kwenye foleni walishika hilo moja tu, kwamba ndiye bibi wa ile hadithi; wa nyuma zaidi hawakuelewa, walidhani bibi anaomba kitu. Mmoja akamwekea pipi kwenye kiganja.

Tangu siku ile mama mkwe hakukaa tena barazani kwake. Alikula kidogo. Kila nikienda kumwona aliniuliza, "Mkamwana, ni mimi?" Namwambia si wewe, mayu, ulisahihisha Kulwa angali hai. Anatikisa kichwa. Wiki ijayo ananiuliza tena. Amekufa akiniuliza, na mtu aliyetakiwa kumjibu yuko mahali anafundisha semina.

Kwa hiyo nakuomba, mwenzangu. Hadithi yake imeshafika mpaka kwenye viazi vya msibani. Hii yangu nayo ifikishe. Isimulie saluni, isimulie kwenye jumuiya, isimulie kisimani, na kama una mtoto anayesomea udaktari mketishe umsimulie hata akiwa na haraka, umwambie mtoto akilia asikilizwe yeye kwanza kabla ya kuulizwa bibi yake. Wala jina langu usilitaje. Ila ukikutana na Doto yeyote, hata sokoni, hata njiani, na ukaona yuko peke yake, muulize Kulwa yuko wapi. Na akikuambia, usiondoke kabla hajamaliza.